Paka wa nyumbani na matunda: Lipi salama, lipi hatari, na haki yake ni ipi?



Ndugu msomaji, juma lililopita, baada ya kumaliza kuona wagonjwa, nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa peke yake kwenye benchi la nje. Nilimwamkia, nikamuuliza mgonjwa yuko wapi. Akanijibu: “Sina mgonjwa, mwanangu. Nina swali. Nimeona haya kulipeleka kwa sheikh kabla sijakuuliza wewe, maana nusu yake ni ya hospitali na nusu yake ni ya dini.”

Mama huyu anaishi Bigwa, chini ya mlima. Alipata habari ya msiba wa kaka yake huko Mgeta, akaondoka siku hiyo hiyo na familia nzima. Paka wao, ambaye wajukuu humwita Pusi, alimfungia stoo ili asipotee wala asikamatwe na mbwa wa mtaani. Hakumwacha hivi hivi. Alimwekea bakuli la maji, nusu ya papai lililoiva, ndizi nne zilizomenywa na bonge la ugali. Nia yake ilikuwa kulala siku mbili tu, lakini mvua ikaharibu barabara, siku mbili zikawa tano. Aliporudi alikuta papai limekauka na alama za meno mahali pamoja tu, ndizi zimeoza, ugali umeota ukungu, na paka amelala pembeni hawezi kuinua kichwa. Ndani ya masikio, ngozi yake ilikuwa imeanza kuwa ya manjano.

Alhamdulillah, kijana wake alimtia kwenye kapu akamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Alilishwa uji wa nyama kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, mpaka akarudi kula mwenyewe.

Maswali ya mama yalikuwa mawili. La kwanza: Je, ni matunda ndiyo yaliyomdhuru paka wake? La pili alilisema kwa sauti ya chini huku akitazama sakafu: “Je, na mimi ni yule mwanamke?”

Nadhani kila aliyepita madrasa anamjua mwanamke anayekusudiwa. Ni yule aliyetajwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambaye aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza tujibu lile la hospitali, kwa sababu nimegundua kuwa kaya nyingi za hapa Morogoro, ambako matunda hushuka kutoka milimani karibu kila msimu wa mwaka, zinamlisha paka matunda aidha kwa mapenzi au kwa kubana matumizi, bila kujua lolote juu ya tumbo lake.

PAKA HAKUUMBWA KAMA SISI

Ifahamike kuwa kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kama tunda fulani litamdhuru paka. Jingine ni kama tunda hilo ni chakula chake. Papai la mama yetu halikuwa na sumu yoyote. Paka angeweza kula kipande chake na asipate hata kuharisha. Tatizo ni kwamba kwa paka papai si chakula, na kumwekea papai kwa siku tano ni karibu sawa na kutomwekea kitu.

Sisi binadamu tunahimizwa kula matunda kwa sababu zinazojulikana. Tunahitaji vitamini C, ambayo miili yetu haiwezi kuitengeneza. Paka anaitengeneza mwenyewe katika ini lake, hana haja ya chungwa. Tunahitaji vitamini A kwa ajili ya macho na kinga ya mwili. Ndiyo maana kina mama wanaoleta watoto kliniki tunawapa watoto wao matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kuanzia umri wa miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, na tunawasisitiza wawape maembe, mapapai na mboga za majani. Mwili wa mtoto unachukua ile rangi ya manjano iliyomo ndani ya embe na kuigeuza kuwa vitamini A. Mwili wa paka hauwezi kufanya kazi hiyo. Yeye anahitaji vitamini A iliyokwisha kuwa tayari, nayo hupatikana katika nyama, ini, samaki na mayai. Unaweza kumlisha paka maembe msimu mzima na bado macho yake yakakosa vitamini hiyo.

Halafu kuna kitu kinachoitwa taurini. Sisi tunaweza kujitengenezea, paka hutengeneza kidogo mno, haimtoshi. Mwaka 1975 watafiti huko Marekani walionyesha kuwa paka waliokosa taurini huharibika sehemu ya ndani ya jicho na kuelekea upofu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, wakaonyesha kuwa upungufu huo huo hulegeza misuli ya moyo, moyo ukatanuka na kushindwa kusukuma damu. Taurini iko kwenye nyama, samaki na viungo vya ndani vya wanyama. Katika matunda na katika ugali ni kama haipo kabisa.

Hata utamu wenyewe haupati. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell huko Philadelphia, Marekani, walieleza kuwa chembe ya urithi inayowezesha ulimi kuonja sukari imeharibika katika jamii yote ya paka, kuanzia huyu wa jikoni mpaka simba wa Mikumi. Kwa hiyo mtoto anapompa paka ndizi mbivu na kumwambia “onja, tamu”, paka haonji huo utamu. Akila, amevutwa na harufu, na majimaji, na mafuta kama ni parachichi, au na tabia tu ya kutaka kile anachokula bwana wake. Nimemwona kwa macho yangu paka wa msikitini kwetu akilamba tikiti maji la futari mwanzo hadi mwisho, na hapo pembeni palikuwa na kichwa cha samaki hajakigusa. Paka naye ana mambo yake.

Sasa, kwa nini Pusi alifika kwenye hali ya manjano kwa siku tano, wakati mbwa au mbuzi angestahimili? Mnyama anapokosa chakula mwili huchukua mafuta yake uliyohifadhi na kuyapeleka kwenye ini yageuzwe kuwa nguvu. Ini la paka ni dhaifu katika kazi hii. Akikaa siku mbili, tatu au zaidi bila kula, mafuta yanaweza kujaa kwenye ini kuliko linavyoweza kuyachoma, ini likavimba na kushindwa kazi, na manjano yakaonekana machoni, kwenye fizi na ndani ya masikio. Paka mnene ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, na huyu wa Bigwa kwa maelezo ya mama alikuwa mnene wa kutosha. Kwa hiyo paka aliyegoma kula asiachwe wiki nzima kwa kusema “akisikia njaa atakula mwenyewe”. Baada ya siku moja hivi ya kugoma kabisa, tafuta msaada.

MATUNDA YA KWETU

Baada ya kusema kuwa matunda si chakula cha paka, hebu tuangalie yale ambayo akionjeshwa hayana neno, na yale ambayo yasimfikie.

Ndizi mbivu, papai, embe, tikiti maji, nanasi, pera na stroberi zile za milimani, hayo yakiwa yameiva, yamemenywa na kuondolewa mbegu, kipande kidogo hakimdhuru paka mzima wa afya. Lakini neno “kidogo” lina kipimo. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku nzima. Ndizi moja ya kawaida ina kama kalori 100. Maana yake, ukimpa ndizi nzima umeshajaza karibu nusu ya siku yake kwa kitu kisicho na taurini, kisicho na vitamini A ya aina yake, na chenye protini kidogo sana. Wataalamu wa mifugo wanashauri vitu vya kuonja vyote kwa pamoja visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula cha siku. Kwa ndizi hiyo ni kama moja ya tano hadi robo yake. Na paka mwenye kisukari, maana nao wanaugua, asipewe hata hivyo.

Tende, ambazo mwezi wa Ramadhani hazikosekani mezani, hazina sumu kwa paka. Ila ni sukari tupu kwake, na kokwa yake inaweza kumkaba au kuziba utumbo. Wafundisheni watoto kukusanya kokwa kwenye sahani badala ya kuzirusha mkekani.

Machungwa, ndimu, malimau na machenza yanayoshuka kutoka Kinole na Matombo, paka wengi huyakimbia kwa harufu tu, na wana haki ya kukimbia. Mafuta yaliyomo kwenye maganda yanaweza kumtapisha, kumtoa mate mengi na kumfanya atetemeke. Hapa kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko kula. Kuna watu humpaka paka maji ya maganda ya ndimu au limau ili kuua viroboto. Mafuta yale hupenya kwenye ngozi, na paka akijilamba, kama ilivyo desturi yake ya usafi, anayameza. Acheni jambo hilo. Dawa ya viroboto iulizwe kwa mtaalamu wa mifugo, na isiwe ile ya kunyunyizia mbwa, kwani baadhi ya dawa za mbwa zinaua paka.

Zabibu ziogopwe. Imethibitika kuwa zabibu, mbichi na kavu, huharibu figo za mbwa. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama huko Marekani walitoa maelezo kuwa kisababishi kinaelekea kuwa asidi iitwayo tatariki, iliyomo kwa wingi ndani ya zabibu. Kwa paka taarifa ni chache, lakini ushauri wa madaktari wa mifugo ni mmoja: usimpe. Asidi hiyo hiyo ndiyo inayoufanya ukwaju kuwa mkali, hivyo na juisi ya ukwaju isiwekwe pale anapofikia, na kwa wenye mbwa wa ulinzi tahadhari iwe kubwa zaidi. Zabibu za Dodoma hupita hapa Msamvu kila siku, na zabibu kavu ziko kwenye pilau na keki za Idi. Mtoto anayemchambulia paka zabibu kutoka kwenye pilau anafanya hisani asiyojua hatari yake.

Plamsi na pichi (wengine huziita fyulisi) kutoka Mgeta, pamoja na epo, nyama yake haina tatizo kubwa. Tatizo ni kokwa na mbegu zake, ambazo ndani zina kitu kinachogeuka kuwa sianidi zikisagwa. Paka mara chache huweza kuvunja kokwa ya pichi, lakini kuimeza ile ndogo ya plamsi anaweza, nayo ikaziba utumbo. Nyanya iliyoiva si neno, lakini nyanya mbichi ya kijani na majani yake vina sumu ya kuumiza tumbo.

Kuhusu parachichi maneno ni mengi mitaani. Mparachichi una sumu iitwayo pasini, hasa katika majani, ganda na kokwa. Paka anaonekana kuistahimili kuliko wanyama wengine, ila mafuta mengi ya tunda lenyewe humletea kutapika na kuharisha. Wanaoumia hasa ni mbuzi, sungura, farasi na ndege. Mbuzi aliyekula majani ya mparachichi anaweza kuvimba kiwele na hata kudhurika moyo. Kwa hiyo, ewe mfugaji wa Mgeta mwenye mbuzi wa maziwa, hata kama huna paka, kipande hiki cha makala ni chako.

Fenesi nalo nalitaja kwa sababu ya utomvu. Nyama yake kidogo haina sumu, lakini ule ulimbo ukimganda paka kwenye manyoya, watu wengi hukimbilia mafuta ya taa kama wanavyosafishia kisu. Mafuta ya taa huunguza ngozi ya paka, na akijilamba yakaingia kifuani humletea homa kali ya mapafu. Tumia mafuta ya kula, sugua taratibu mpaka ulimbo uachie, kisha osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, umkaushe kwa kitambaa.

MABAKI YA CHUNGU NA DAWA ZA BINADAMU

Naogopa kuna msomaji atakayesema: “Basi matunda nimeacha, nitamwekea mchuzi wa nyama uliobaki.” Hapo atakuwa ametoka kwenye kitu dhaifu na kuingia kwenye kitu cha hatari. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembechembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi, vimepikwa, vimekaushwa au vimesagwa. Anapungukiwa damu siku chache baadaye, fizi zinakuwa nyeupe, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, na mwenye nyumba hana habari kuwa sababu ni rosti ya juzi. Kwa hiyo nyama ya paka itolewe chunguni kabla ya kutia kitunguu na chumvi.

Wala si lazima iwe ghali. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, kichwa cha perege kilichopikwa na kutolewa miiba, firigisi, moyo na mapafu ya kuku au ng'ombe, yai la kuchemsha, vyote hivyo vina kile anachokihitaji. Ini ni zuri lakini mara moja moja, kwani likizidi nalo hudhuru mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, huvunjika kama sindano. Ugali kidogo ukichanganywa na dagaa wengi si vibaya. Ila katika nyumba nyingi huwa kinyume chake. Na maziwa, ambayo watu hudhani ndiyo chakula cha paka, huwaharisha paka wengi wakubwa, yawe ya ng'ombe au ya mbuzi. Maji safi yanatosha.

Ikitokea paka amekula kitu cha hatari, usimtapishe kwa maji ya chumvi. Chumvi nyingi ni sumu nyingine juu ya sumu. Na kwa msisitizo mkubwa, kwa kuwa mimi ni tabibu wa watu na vidonge hivi hutoka mikononi mwetu: usimpe paka paracetamol. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kile unachokimeza ukiumwa kichwa, kinaweza kumuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuiondoa dawa hiyo mwilini kama letu. Fizi zake hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, na pumzi humwishia. Vivyo hivyo diklofenaki na aspirini. Mlio mjini mna bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mpelekeni huko. Mlio juu milimani, afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanza naye. Mwende na jina la kitu alichokula, kiasi, na saa aliyokula.

TUNDA LILILOGUSWA NA PAKA

Swali linalofuatana na hili ni lile la tunda ambalo paka amelilamba au kuling'ata. Wengi tunaijua hadithi ya Abu Qatada (r.a.), alipomwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, na mke wa mwanawe, Kabsha, akashangaa. Akamfahamisha kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, na ni katika viumbe vinavyotuzunguka majumbani mwetu. Wameipokea Imamu Malik, Abu Daud na Tirmidhi. Kwa hiyo bakuli la matunda alilopitisha mdomo halinajisiki kwa hilo, isipokuwa ukiuona mdomo wake una najisi, kwa mfano damu ya panya aliyemkamata muda huo.

Lakini kutokuwa najisi hakumaanishi kuwa usafi wa afya usizingatiwe. Palipong'atwa pakate, papana, na penye ulaini kama papai ni bora kipande chote kiondoke. Mama mjamzito awe na tahadhari zaidi, hasa kuhusu kinyesi cha paka kuliko mate yake. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplasma ambacho paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha mayai yake hutoka na kinyesi. Mayai hayo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo kinyesi kikiondolewa kila siku hatari inapungua sana. Mjamzito asikishike, amwachie mwingine kazi hiyo. Matunda yanayogusa udongo, kama stroberi, na mboga za bustanini, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kulima. Kumpikia paka nyama yake badala ya kumtupia mbichi kunamlinda yeye na kuilinda nyumba.

SWALI LA PILI

Sasa turudi kwa mama yetu. Nilimwambia wazi kuwa hukumu ya jambo lake ni ya wanazuoni, nami si miongoni mwao. Nilisoma madrasa, sikusomea kutoa fatwa. Nikamsihi aende kwa sheikh wa msikiti wake bila ya haya. Lakini nilimwomba tuiangalie hadithi yenyewe pamoja, kwa sababu ndani yake mna elimu ambayo sikuiona nilipoihifadhi nikiwa mtoto.

Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kumfuga paka. Alilaumiwa kwa mambo mawili yaliyokutana: hakumpa chakula alipomfungia, na wala hakumwachia akajitafutia katika viumbe vidogo vya ardhini. Tazama chakula kilichotajwa hapo. Hakikutajwa tunda wala nafaka. Ni vile vidogo vinavyotambaa na kukimbia juu ya ardhi, panya na mfano wake. Nilikuwa nikiisoma hadithi hii kama onyo tu. Baada ya kusoma tiba ndipo nilipoona kuwa inaonyesha pia riziki ya paka ni ipi, na kwamba anayemfungia mlango amemkata na riziki hiyo, kwa hiyo imekuwa juu yake yeye kumletea inayolingana nayo.

Mama alisikiliza kimya. Kisha akasema: “Mimi nilimwachia chakula, mwanangu. Wallahi nilimwachia.” Nikamwambia ndiyo, ulimwachia ulichokidhania kuwa ni chakula, na yule wa kwenye hadithi hakuacha kitu. Paka wako yu hai, ulimpeleka kutibiwa, ukakesha naye na bomba la sindano. Hayo yote nayo Mola wako ameyaona. Ila tangu leo umeshajua, na kuanzia sasa huwezi tena kusema hukujua. Alitikisa kichwa akakubali, na nadhani alilia kidogo, maana alijifuta kwa ncha ya mtandio.

Tukazungumza habari ya safari, kwa kuwa arobaini ya kaka yake inakuja na itabidi apande tena Mgeta. Tulikubaliana asimfungie stoo. Atamwacha paka na uhuru wa kutoka na kuingia uani, na atampa jirani dagaa wa siku tatu na akiba ya siku mbili juu yake kwa ajili ya mvua. Jirani achemshe kidogo kila asubuhi bila chumvi, abadilishe maji, na aangalie kama chakula kimeliwa. Kama hakijaliwa siku nzima, apige simu. Mama aliuliza kama jirani huyo, ambaye si Muislamu, anafaa kupewa kazi hiyo. Nikamjibu kuwa kinachotakiwa hapo ni uaminifu na mkono wa kufungua mlango kila asubuhi.

Aliponyanyuka aliuliza kama Pusi anaweza bado kupewa papai, kwa sababu wajukuu wamezoea kumpa. Nikamwambia kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, baada ya kula dagaa wake, na kilichobaki wale wajukuu wenyewe.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutazungumzia kung'atwa na kuparuliwa na wanyama: kwa nini jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kufika hospitali, na nani anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Wabillahi tawfiiq.